Kisu hakikukasirisha kidonda cha binti yako

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kutoka Minova, sijui tena nielekee wapi. Binti yangu ana miaka 27, alizaliwa na ualbino. Miaka miwili iliyopita alitokwa na kidonda mbele ya sikio la kushoto. Tulipaka majani, kikafunga, kikafunguka tena. Mwishowe tuliuza mbuzi, tukampeleka mjini, daktari akakikata na kushona. Tulirudi nyumbani tunamshukuru Mungu. Ile nyama iliyotolewa walituambia ipelekwe kupimwa, lakini pesa ilikuwa imeisha. Tukasema si kitu, kidonda chenyewe kimekwisha kuondoka.

Sasa ni miezi minane. Pembeni ya kovu kumeota kitu kigumu, ukubwa wa punje ya hindi, na kinatoa damu akinawa uso. Mgongoni mwa mkono pia ana kidonda kingine kidogo. Mganga wa hapa anasema kansa haipendi chuma, kwamba kisu kimeikasirisha na sasa inatembea mwilini. Katika chumba cha maombi wanasema ni roho inayomfuata. Baba yake anasema hatatoa tena hata franka moja kwa ugonjwa usiokubali kupona. Binti mwenyewe amenyamaza. Anauza samaki wadogo wa sambaza sokoni. Akirudi anajifunga kitambaa na hataki kula pamoja nasi.

Niambie ukweli. Tulikosea kumpasua? Na wakimpasua tena, si itarudi tena?

Mama mwenye mashaka, Minova

JIBU

Pole sana, Mama. Umeuliza maswali mawili. Nitayajibu kwanza, maelezo yafuate. Hamkukosea kumpasua. Upasuaji ndiyo tiba ya kwanza ya kansa za ngozi za aina hii, kwetu na kwingineko duniani. Na swali la pili: ndiyo, inaweza kurudi hata baada ya kupasuliwa tena, ila haimrudii mtu kwa laana wala kwa bahati mbaya tu. Kuna sababu zinazojulikana, na kadhaa kati yake bado mnaweza kuzibadilisha mkiwahi.

Nitangulize tahadhari moja. Si kila uvimbe unaoota kwenye kovu ni kansa. Liko kovu linalonenepa lenyewe, na uko mwili unaokataa uzi wa kushonea. Lakini uvimbe mgumu unaotoa damu, kwa mtu mwenye ualbino aliyekatwa kidonda mahali hapo hapo miezi minane iliyopita, unahesabiwa kuwa kansa mpaka kipimo kiseme vingine. Msikae nyumbani kusubiri uhakika.

Sasa tuje kwa mganga na maneno yake juu ya chuma. Imani hiyo haiko Minova peke yake, na haikuzuka bure. Watu wameona kwa macho yao: mgonjwa amepasuliwa, kisha ugonjwa umerudi na nguvu. Ambacho hawakuona ni kilichobaki chini ya ngozi siku ile ile ya upasuaji. Kansa ya ngozi haiishii pale jicho linapoona mwisho wa kidonda. Hupenya pembeni na kushuka chini kwa vijinyuzi visivyoonekana. Unajua magugu yaliyofyekwa juu ya udongo na mizizi ikabaki. Yakichipuka tena, hakuna anayelilaumu jembe. Kinachoulizwa ni kama mzizi ulitoka wote.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kansa kurudi, nayo inazipita zote: kingo. Daktari anapokata, hachukui kidonda tu, anachukua pia ngozi inayoonekana nzima kukizunguka. Kwa kansa ndogo isiyo ya hatari, kawaida ni milimita 4 hivi kila upande; kwa ile ya hatari zaidi, milimita 6 au kuzidi. Usoni, karibu na jicho au sikio, mkono wa daktari husita, maana kila milimita anayoongeza ni kovu. Kisha nyama hiyo huenda maabara, ikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo panapojulikana kama kingo ni safi au kama kansa imegusa ukingo. Wauguzi wetu wanakiita kipimo hicho anapathi. Bila karatasi yake, hakuna daktari, hata awe hodari namna gani, anayeweza kukuhakikishia kwamba yote yametoka. Jicho halitoshi.

Kwa hiyo, Mama, kama kuna mahali mambo yalikatika, ni pale kipimo kilipoachwa. Sisemi hivyo kukulaumu. Familia nyingi hufika mwisho wa pesa hapo hapo, kwa sababu upasuaji unaonekana na kipimo hakionekani. Nasema hivyo ili safari hii bei ya kipimo itengwe kabla ya bei ya kitanda.

Sababu ya pili ni mahali. Kansa ya mgongoni au ya mkononi hurudi kwa nadra kuliko ile ya puani, kwenye kope, midomoni, sikioni na kandokando ya sikio. Ngozi ya hapo ni nyembamba, iko karibu na gegedu, mishipa ya fahamu na tezi za mate, na kansa hupata njia za kupenyea. Kidonda cha binti yako kilikuwa mbele ya sikio, na madaktari huhesabu sehemu hiyo miongoni mwa zile za hatari.

Ya tatu ni ukubwa na kina. Kidonda kinachopita sentimita 2 kina nafasi kubwa zaidi ya kurudi kuliko kidogo. Kina nacho kina uzito wake. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wagonjwa 615 wa kansa ya seli bapa, haukuona hata mmoja ambaye ugonjwa wake ulisambaa pale unene wa kansa ulipokuwa chini ya milimita 2. Kati ya milimita 2 na 6 ulisambaa kwa wagonjwa 4 kati ya 100, na kupita milimita 6 kwa 16 kati ya 100. Ndiyo maana kila mwezi wa kungoja una gharama yake.

Ya nne ni aina na tabia ya kansa yenyewe. Kwa watu wenye ualbino katika eneo letu, aina mbili ndizo huonekana sana. Moja huanzia kwenye seli bapa za juu ya ngozi. Kwenye karatasi za hospitali zetu utaisoma kwa Kifaransa, carcinome épidermoïde. Nyingine huanzia tabaka la chini yake, carcinome basocellulaire. Hii ya pili huenda polepole na ni nadra sana kusambaa, ila nayo ina sura zake mbaya, zile ambazo kingo zake hazionekani vizuri na hupenya chini kwa chini. Ya kwanza ni kali zaidi, inaweza kufika kwenye tezi za shingo. Kwa Wazungu hiyo ya pili ndiyo inayoongoza. Kwa ndugu zetu wenye ualbino mara nyingi ni ya kwanza. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa pale: robo tatu walikuwa na kansa ya seli bapa. Nusu yao walikuwa wamekaa na ugonjwa miezi 24 au zaidi kabla ya kufika hospitali, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa ukosefu wa pesa. Unaona kwamba hamko peke yenu.

Ya tano: kansa iliyokwisha kurudi mara moja ni ngumu kuliko ya mara ya kwanza. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 1992 yalionyesha kwamba kansa ya seli bapa iliyokatwa kwa mara ya kwanza ilirudi kwa watu 8 hivi kati ya 100. Iliyokuwa imerudi, ikakatwa upya kwa njia ile ile ya kawaida, ilirudi tena kwa watu 23 hivi kati ya 100. Hesabu hizo zilitoka hasa kwa wagonjwa wa nchi tajiri, wenye maabara jirani, kwa hiyo usizichukue kama hesabu za Kivu. Lakini funzo lake linatufaa: upasuaji wa pili unataka mkono mzoefu zaidi, kingo pana zaidi na maabara bila kukosa. Na usisahau kuisoma hesabu hiyo upande wa pili. Katika watu 100 waliokatwa tena, zaidi ya 70 haikuwarudia.

Ya sita ni nguvu ya mwili kujilinda. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, au anayemeza dawa zinazoshusha kinga, kansa humrudia kwa urahisi zaidi. Daktari akiomba kipimo cha damu, asionekane anamshuku binti yako. Anatafuta sababu iliyojificha ambayo ina dawa. Na kama kidonda kiliota juu ya kovu la moto au donda ndugu la miaka mingi, mwambieni, kwa sababu kansa ya makovu ni kali kuliko nyingine. Hilo linawahusu hata wasomaji wenye ngozi nyeusi. Kwao kansa ya seli bapa hupenda kuanzia kwenye donda la mguu lisilopona au kovu la moto la zamani, mahali ambapo hakuna anayeifikiria.

Hapo juu yote ni habari ya kansa kurudi pale pale. Kidonda cha mkononi ni jambo lingine, na mganga amevichanganya viwili. Kikionekana mbali na kovu, kwenye ngozi iliyopigwa na jua tangu utoto, mara nyingi ni kansa mpya, au ngozi inayojiandaa kuwa kansa. Haikutembea kutoka sikioni. Ngozi ya binti yako haina rangi ya kumkinga, na jua la miaka 27 limeugusa mkono kama lilivyougusa uso. Habari hii ina pande mbili: upasuaji wa kwanza hauna hatia kwa kidonda cha pili, na hakuna upasuaji utakaozuia vipya kama jua litaendelea.

Watu wa Minova tunadanganywa na hali ya hewa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Asubuhi kuna baridi na mawingu yanakaa juu ya vilima, mtu anasema leo hakuna jua. Lakini mionzi inayounguza ngozi si joto. Hupenya mawingu mepesi, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo inavyozidi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ndipo inapouma zaidi. Kuanika sambaza ni kazi ya saa hizo hizo, basi mpeni mtu mwingine kazi hiyo, yeye auze chini ya paa. Avae kofia yenye ukingo mpana pande zote inayofunika masikio na shingo, maana kofia ya mbele tu inaacha pale pale alipougua. Nguo za mikono mirefu zenye nyuzi zilizosongamana zinasaidia kuliko kitambaa chepesi. Mafuta ya kukinga jua apake asubuhi na kurudia mchana. Yako yanayotengenezwa maalumu kwa watu wenye ualbino, kama Kilisun ya Moshi, Tanzania, inayotoka katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC. Ulizeni vyama vya watu wenye ualbino mjini Goma au Bukavu kama wanagawa mafuta. Yakikosekana, kofia na kivuli visikosekane.

Sasa mfanye nini? Kwanza, mshike shingo yake taratibu, chini ya taya, mbele na nyuma ya sikio, pande zote mbili. Mkikuta tezi ngumu isiyouma, isiyotoweka, mwambieni daktari siku ya kwanza. Mwangalie pia kama upande mmoja wa uso umelegea, au kama ana ganzi na maumivu ya kuchoma kuzunguka kovu. Hizo ni dalili kwamba kansa inaweza kuwa imefuata mshipa wa fahamu, na hapo msikawie hata wiki.

Pili, acheni majani na dawa za kuunguza. Zinaweza kufunga ngozi ya juu wakati ugonjwa unaendelea chini, na mtashangilia kupona ambako hakupo.

Tatu, rudini hospitali. Mkiweza, iwe ile ile ya kwanza, kwa sababu wana kumbukumbu za upasuaji. Ulizeni kama ile nyama bado imehifadhiwa. Wakati mwingine kichupa huwa bado kipo. Minova ni ya Kivu ya Kusini, lakini Goma iko karibu kuliko Bukavu. Tangu vita vya Januari 2025 kila mtu anapima njia ya barabara na ya boti kwa siku yake, nanyi mtachagua iliyo salama. Kama kuna ugumu, anzieni Hospitali Kuu ya Rufaa ya Minova mpate barua ya kuwatuma mbele. Barua hiyo itawaokoa na kuanza upya mlangoni.

Nne, mkifika, mwulizeni daktari haya bila aibu. Je, kipande kidogo kitapimwa kwanza kabla ya upasuaji mkubwa? Nyama yote iliyotolewa itapelekwa maabara gani, na jibu litatoka baada ya muda gani? Atatia uzi wa alama kwenye nyama ili maabara ijue upande gani ni wa juu na upi wa sikio? Alama hiyo ni kazi ya dakika moja, lakini ukingo ukikutwa mchafu inamwonyesha daktari pa kurudia, badala ya kukata popote. Mkibeba kichupa wenyewe, hakikisheni kimejaa formalini, dawa ya kuhifadhi nyama. Maji na pombe vinaharibu kipimo. Na kama itabidi kuhamisha ngozi ili kuziba tundu, mwulizeni kama anaweza kusubiri jibu la kingo kwanza, kwa sababu ngozi iliyohamishwa huweza kufunika kansa iliyobaki.

Kingo zisipokuwa safi na haiwezekani kukata zaidi, au kama kansa imegusa mishipa au tezi, daktari anaweza kupendekeza mionzi. Kwa mtu wa Kivu hiyo ni safari ya mbali: Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe inayotoa tiba hiyo tangu 2019, au Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda. Msiikimbilie kabla karatasi ya maabara haijaonyesha kwamba inahitajika.

Tano, upasuaji si mwisho wa kuonana na daktari. Kansa ya seli bapa ikirudi, mara nyingi, karibu robo tatu ya mara zote, hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Basi aonwe kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili hiyo, kisha mara moja au mbili kwa mwaka, maisha yake yote. Kati ya ziara hizo wewe ndiye utakuwa jicho lake: kila mwezi, mchana, mtazame kichwa, masikio, shingo, mgongo na mikono. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi mmoja kina haki ya kuonwa.

Nimebakiza watu wa nyumbani. Baba yake usimwambie ana moyo mgumu. Ameuza mbuzi wake na ameona pesa inarudi kuwa kidonda. Ana haki ya kuogopa. Mweleze kwa hesabu. Kitu kikubwa kama punje ya hindi kinaweza kutolewa kwa upasuaji mmoja na kipimo kimoja. Kikifika kwenye tezi au mfupa, hata ng'ombe hatatosha. Kisha muombe hospitali bei nzima kwa maandishi kabla ya kuanza, upasuaji, dawa, kitanda na anapathi, ili asiogope faktira ya kushtukiza wala mgonjwa asizuiwe siku ya kutoka. Pesa itafuteni kwa wengi: AVEC yenu ya kuweka na kukopa, likelemba ya kupokezana pesa, mutuelle ya afya kama mumo, na ofisi ya huduma za jamii ya hospitali, ambayo watu wengi hawaulizi.

Watu wa maombi waendelee kuomba, na waombwe pia kuchanga nauli. Mchungaji anayewaambia mwache hospitali, mwombe akuambie maneno hayo mbele ya daktari. Mganga mheshimu kama jirani, lakini uso wa mtoto wako usimpe tena.

Binti yako ndiye aliyenigusa zaidi. Kujitenga kwake na sahani ya familia kunaonyesha kwamba ameamini ni mchafu au amelaaniwa. Mwambie mbele ya ndugu zake kwamba kansa ya ngozi haiambukizi kwa kula pamoja, kwa kulala pamoja wala kwa kushikana. Kesho mle sahani moja. Mpe pia nafasi ya kusema anachoogopa, na akienda kwa daktari aulize yeye mwenyewe, kwa sababu uso ni wake na uamuzi ni wake.

Mama, usingoje mavuno wala usingoje baba yake akubali kwa moyo wote. Punje ya hindi bado ni ndogo, na ndogo ndiyo inayotoka yote. Mpelekeni wiki hii, na msitoke hospitalini bila kujua ni nani atawapa karatasi ya maabara, na ni siku gani.